Mia Moja Kasoro Mbili

Aliileta simu imefungwa ndani ya leso,
kioo kimepasuka, betri imevimba kama andazi.
Akasema, "Humo yumo Mihayo. Mtoe."

Studio yangu ni chumba kimoja, Isevya.
Kuta nimezivika magunia ya tumbaku
na trei za mayai nilizoomba kwa wakaanga chipsi.
Nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Mwanzo sikusikia mtu.
Nilisikia mngurumo, mnene, usiovuta pumzi:
hamsini, mia, mia na hamsini, mia mbili,
ngazi ya umeme inapanda bila kuchoka,
na nyuma yake, kama aliyejificha kwenye pazia,
mwanamume anaimba akiosha vyombo.

Sikusomea chuoni, lakini hili nalijua:
hakuna sauti inayokuja peke yake.
Huja na watoto.
Baba yuko chini, mzito; wa kwanza mara mbili yake,
wa pili mara tatu, wa tatu mara nne,
wanazidi kukonda
hadi wanabaki uzi wa asali unaoning'inia kijikoni.
Ni hao watoto wanaotuambia
huyu ni Mihayo, ile ni filimbi, ule ni mlango.

Na Mihayo, Mungu amrehemu, alichagua noti mbaya.
Kila beti alitua palepale:
mia moja kasoro mbili.
Yeye na mngurumo, magunia mawili kwenye mzani mmoja.
Ukimkata huyu, yule anatoka damu.

Nikachora bonde kwenye ikwalaiza,
jembamba kama wembe wa kinyozi,
pale kwenye mia, pale kwenye mia mbili.
Mngurumo ukazama.
Mihayo naye akazama, ikabaki sauti ya bati.
Treni ya Kigoma ikapiga honi. Nikangoja ipite.

Wafuga nyuki wa Sikonge wanajua:
chujio likizidi uzuri
asali hutoka inang'aa, imesahau msitu.

Basi nikamwacha baba, nikawafuata watoto.
Mia mbili tisini na nne, nikainua desibeli tatu.
Mia tatu tisini na mbili, mbili na nusu.
Juu huko nikapunguza mchakacho.
Na sikio, kiumbe wa ajabu,
likahesabu mwanya kati ya mtoto na mtoto
likamtaja baba asiyekuwepo.
Kwenye mchoro pale chini palikuwa patupu.
Kifuani mwangu besi ilikuwa inatembea.

Kalunde alikuja saa tisa.
Akasikiliza mpaka mwisho, akarudia.
"Ni yeye," akasema.
"Lakini mbona umetuhamisha nyumba?"

Sikuelewa.

"Ile sauti nyingine. Friji yetu ya barafu za ubuyu.
Tuliikopa, tukailipa miaka mitatu.
Nimeiuza kwa ajili ya jeneza.
Alikuwa haanzi wimbo mpaka iwake.
Anainamisha kichwa hivi, anaisikiliza, ndipo anaanza."

Nikazitazama tena zile namba.
Mia. Mia kasoro mbili.
Nilikuwa nimemwita mtu mwenye noti mbaya
na yeye alikuwa anaomba noti kwa friji,
akiikosa kidogo tu, kila jioni,
mikono ikiwa ndani ya povu.

Nikalijaza bonde.
"Usiijaze yote," akasema, "iwe kama iko chumba cha pili."
Desibeli sita chini ya ilivyokuwa. Tano. Akainua mkono: hapo.

Sauti mbili zikipishana hezi mbili
hazitulii. Zinasukumana, zinaachiana,
zinapwita mara mbili kila sekunde.
Hilo sikumwambia. Hakuna aliyemwambia.
Lakini kidole chake kilishaanza kugonga goti,
mara mbili, mara mbili,
na leso imeanguka chini hajaiokota.